Mzee anasema gari likikaa betri inakufa: je, ni lazima tuhame kila asubuhi?

Wapendwa washauri,

Salamu kutoka Kasarani. Mzee wangu alistaafu mwaka jana, na sehemu ya kiinua mgongo tumeiweka kwenye Toyota HiAce ya dizeli iliyokuwa matatu ya abiria 14. Fundi aling'oa viti, akatutengenezea kitanda, kabati za MDF (mbao za unga uliogandamizwa) na sinki. Kuna tangi la maji la lita 60, friji ya volti 12 ya lita 40, inveta ya wati 1,000 (ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), na paneli ya sola ya wati 100 iliyolala juu ya paa. Betri ya upande wa nyumba ni betri ya gari ya kawaida, ampia-saa 100 (kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri), nayo imeunganishwa na ile ya injini kwa waya mwembamba wenye swichi ya mkono.

Mwezi uliopita tulilijaribu Naivasha. Tulifika Ijumaa mchana, tukaegesha chini ya mgunga kwa sababu ya jua. Jumamosi jioni taa zilianza kufifia na friji ikawa inawaka na kuzima. Jumapili asubuhi hata injini haikuwaka. Tulisaidiwa kwa waya na gari la jirani. Maji ya bomba nayo yalikuwa yameanza kunuka. Isitoshe, wakati wa kuteremka kwenda Mai Mahiu breki zilitoa harufu kali na pedali ikawa laini. Mtungi wa gesi wa kilo 6 uko chini ya kitanda. Fundi anasema hakuna neno.

Ugomvi wetu ni huu. Januari tunataka kutoka kwa safari ya polepole. Mzee ameandika Naivasha, Gilgil, Nyahururu, Nyeri, Naro Moru, Nanyuki, Meru na Embu, siku nane, kila siku mji mpya. Mimi nataka tufike mji mdogo, tukae, niende soko leo na kesho nirudi kwa muuzaji yule yule. Mzee anasema haiwezekani: gari lisipotembea betri inakufa, na Naivasha ilithibitisha. Nani ana haki? Na tukikaa, tutengeneze nini kwanza?

Mke wa Dereva, Kasarani

JIBU

Mama, tuyaweke mabishano yenu kando kidogo tuanze na ule mtungi, kwa sababu ndio unaoweza kuwaua.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani. Inashuka, inatulia sakafuni na chini ya kitanda, pale pale mnapolala, ikingoja cheche ya friji au kiberiti cha chai ya alfajiri. Mtungi utolewe hapo wiki hii. Mwambie fundi atengeneze kasha karibu na mlango wa nyuma, linalofunguka ukiwa umesimama nje, na viungo vyake vyote vinavyotazama ndani ya gari vizibwe kwa silikoni. Kwenye sakafu ya kasha kuwe na tundu la milimita 50 linalotokea chini ya gari, mbali na ekzosi, ili gesi iliyovuja ianguke nje. Kabla ya kutoboa, mtu alale chini ya gari aangalie mabomba ya dizeli, ya breki na nyaya zinapita wapi. Mpira wa gesi ubadilishwe ukiwa umepasuka au kuwa mgumu, na kila kiungo kipakwe povu la sabuni huku gesi ikiwa imefunguliwa: povu likifura, kaza au badilisha. Gari likitembea, gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko peke yake.

Hapo hapo tuseme la makaa. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari na usiku wake ni baridi hasa. Msiingize jiko la makaa garini, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na aliyelala haamki. Chukueni blanketi mbili za ziada na chupa ya maji moto.

Breki ni kazi ya pili. Harufu ile na pedali kuwa laini maana yake breki zilichemka. Gari lina uzito wa kudumu sasa: kabati, maji, betri, vyombo, na mzee aliteremka mteremko mrefu akiwa amekanyaga pedali muda wote. Pedi zikipata joto kupita kiasi hazishiki, na mafuta ya breki ya zamani, ambayo hufyonza unyevu kadiri miaka inavyopita, yanatoa mapovu ya mvuke ndani ya mabomba. Ndiyo maana pedali ikazama. Mafuta hayo yabadilishwe yote, si kuongezwa, kisha yabadilishwe tena kila baada ya miaka miwili. Pedi za mbele na viatu vya nyuma vikaguliwe, maana vilivyopata joto lile huwa vimeng'aa kama kioo hata kama bado ni vinene. Na dereva aingize gia ya tatu, au ya pili panapozidi kuinama, kabla mteremko haujaanza. Injini ndiyo ishike gari. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi halafu ziachwe zipoe. Harufu ikirudi, egesheni mahali tambarare nusu saa, wekeni jiwe kwenye tairi badala ya kuvuta handibreki, na msimwagie maji chuma chenye moto.

Mkiwa huko gereji, angalieni tairi. Pembeni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi ya zaidi ya miaka sita kwenye gari zito ibadilishwe hata kama meno yake yako sawa. Presha isomwe kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na ipimwe tairi zikiwa baridi na gari likiwa limejaa maji na mizigo yenu. Na kwa kuwa lilikuwa gari la abiria, hakikisheni aina ya bodi imebadilishwa kwenye logbuku kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri, baada ya ukaguzi, na kampuni ya bima ijue kwa maandishi gari linatumika vipi. Bima iliyoandikiwa matumizi tofauti na yaliyopo ni rahisi kukataliwa siku ya ajali.

Sasa ugomvi wenyewe.

Mzee ameona kweli, ila sababu aliyoitoa siyo. Betri haikufa kwa sababu gari lilikaa. Ilikufa kwa sababu gari lenu lilijengwa kana kwamba halitakaa kamwe. Safari ya polepole huipumzisha injini na kuichosha nyumba: altaneta, yaani kile kijenereta cha injini kinachochaji betri, haichaji mkiwa mmeegesha, tangi halijazwi njiani, choo hakimwagwi njiani. Kila kitu cha nyumba kihesabiwe kwa siku ambayo ufunguo wa gari haujaguswa.

Hesabu yenu ya Naivasha iko hivi, kwa saa 24. Friji ya aina hiyo hula kama wati 45 inapofanya kazi, nayo hufanya kazi karibu asilimia 40 ya siku: wati 45 mara saa 9.6, gawanya kwa volti 12, ni ampia-saa 36. Taa nne za LED, kwa muda wa saa nne kila jioni: 5. Simu mbili: 3. Pampu ya maji: 1. Televisheni ndogo saa mbili, kama mnayo: 8. Jumla yake ni 53. Halafu kuna kile ambacho huenda hamkukiona: inveta. Ikiwashwa na kuachwa, hata bila kitu kilichochomekwa, inveta ya wati 1,000 hula yapata wati 10 usiku na mchana. Hiyo ni ampia-saa 20 za bure, zaidi ya taa, simu, pampu na televisheni kwa pamoja. Mkawa mnatumia 73.

Kinachoingia: paneli ya wati 100, jua zuri la saa tano, ukiondoa joto, vumbi na kule kulala bapa, hutoa kama ampia-saa 29. Chini ya mgunga haikufika hata 10. Paneli ina vipande vilivyounganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo kivuli cha tawi moja kwenye kona hupunguza umeme wa paneli nzima, si wa kona peke yake. Na akiba: betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiitumia zaidi ya nusu inaharibika, kwa hiyo ile 100 mliyoandikiwa ni 50 ya kutumia, tena ikiwa mpya na imejaa. Mlikuwa mkitumia 73, mkiingiza 10, mkiwa na akiba ya 50. Taa kufifia Jumamosi jioni lilikuwa jambo la kutarajiwa. Na injini haikuwaka kwa sababu ile swichi ya mkono iliachwa imeunganisha betri mbili. Friji ikainywa ya nyumba, kisha ikaendelea na ya injini.

Je, dawa ya mzee ingefaa, yaani kuendesha kidogo kila siku? Kidogo sana. Kwa waya mwembamba ule, saa moja ya barabara huenda ikawapa ampia-saa 10. Hata kwa waya mnene, betri ya risasi, yaani ya kawaida ya gari kama yenu, haiharakishwi: sehemu ya tano ya mwisho hujaa polepole, saa tatu au nne, hata uwe na altaneta kubwa namna gani. Kutoka Nyeri kwenda Naro Moru hamtapata saa hizo. Kuiacha injini ikinguruma mmesimama ni kuchoma dizeli na kuwasumbua majirani kwa faida ndogo.

Hatua ya kwanza haina gharama: inveta izimwe kwenye swichi yake, iwashwe kwa televisheni tu, na simu zichajiwe kwa chaja ya volti 12. Mmerudi 53.

Ya pili ni paneli. Ile ya paa ibaki, na muongeze moja ya wati 150 isiyofungwa, yenye waya wa mita 10. Hii ndiyo dawa ya kivuli: gari linakaa chini ya mti, paneli inakaa juani, imeinuliwa kidogo, na mnaigeuza mara mbili kwa siku. Waya uwe wa milimita za mraba 6. Ule wa 2.5 hupoteza zaidi ya volti 1 njiani. Ifungeni kwa mnyororo, na kaeni karibu nayo penye tumbili. Gari likiegeshwa juani zote mbili huleta kama ampia-saa 73 siku nzuri, na nusu yake siku ya mawingu. Siku ambazo gari liko kivulini, ile ya wati 150 peke yake itawaletea zaidi ya 40.

Ya tatu ni betri. Ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, ampia-saa 100, inatoa 85 bila kudhurika na ina uzito wa kilo 12 hivi. Ya risasi ya matumizi marefu ingebidi iwe ya 200 ili kulingana nayo, na hiyo ni karibu kilo 60 kwenye gari ambalo breki zake zimeshalalamika. Sisi tungenunua lithiamu. Lakini msikubali fundi aiunganishe moja kwa moja na altaneta: lithiamu hunywa umeme bila kipimo na altaneta inaweza kuungua. Katikati iwekwe chaja ya betri kwa betri ya ampia 30, waya wa milimita za mraba 10 hadi 16, na fyuzi ya ampia 40 karibu na kila betri, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye nguzo chanya. Swichi ya mkono itupwe. Chaja hiyo hujifunga yenyewe injini ikizimwa, na betri ya kuwashia inabaki salama. Kidhibiti cha sola, kile kinachosimamia umeme wa paneli kuingia kwenye betri, kiwe na mpangilio wa lithiamu. Waya wa friji nao ubadilishwe uwe wa 6, maana waya mwembamba huifanya friji idhani betri imeisha wakati bado ina umeme.

Mkishafanya hayo, siku tatu mfululizo za mawingu mtapunguza kama 17 kila siku kutoka kwenye akiba ya 85. Mtakaa mji mmoja hadi mchoke nao. Na birika la umeme libaki Kasarani. Wati 2,000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampia 160, inveta yenu haiwezi, na gesi inachemsha chai vizuri. Maharagwe pikeni kwa sufuria ya presha: pale Nyahururu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na sufuria ya kawaida itawamalizia gesi.

Maji kunuka ni tangi. Kwa tangi la lita 60 tieni dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, ile yenye klorini ya asilimia 3.5, mililita 100, jazeni maji, fungueni bomba mpaka harufu ya klorini itoke, acheni kwa muda wa saa nne, mwageni, kisha suuzeni mara mbili. Kama tangi linapitisha mwanga, lifunikeni. Mwanga ndio unaootesha ule ukijani. Msijaze kwa mpira wa bustani. Maji ya kunywa yawe na mtungi wake wa lita 20. Watu wawili wanaooga kwa beseni na kuosha vyombo kwa uangalifu hutumia kama lita 30 kwa siku, kwa hiyo tangi lenu ni la siku mbili. Halafu si lazima gari liende kutafuta maji: kila mji mdogo una mtu wa mkokoteni au pikipiki anayeuza mitungi ya lita 20. Kabati za MDF zilizo karibu na sinki zitavimba. Hapo badilisheni kwa plywood ya milimita 12, ambayo pia ni nyepesi zaidi.

Njia. Orodha ya mzee ni nzuri kwa kupita. Kwa kukaa, tungekata Meru na Embu ziwe safari nyingine, maana barabara ya kati yake ni kona na mabonde matupu na haifai kukimbizwa na gari refu kwenda juu. Shikeni sheria moja: siku ya kuhama isizidi kilomita 120, na mfike kabla ya saa kumi jioni. Gilgil, siku mbili. Kariandusi, penye zana za mawe za watu wa kale, pako karibu. Nyahururu, siku mbili. Maporomoko ya maji ya Thomson yana urefu wa mita 74 na mji wenyewe unatembeleka kwa miguu. Nyeri, kama kilomita 100 kutoka hapo, siku mbili. Nanyuki, kilomita 60 hivi, siku tatu, kwa sababu ya mlima: Mlima Kenya huonekana alfajiri na kufunikwa na mawingu asubuhi ikiendelea, na asubuhi moja ikiharibika mnahitaji nyingine. Kurudi, laleni Karatina, na asubuhi mwingie sokoni kabla ya kushika barabara ya Sagana na Thika.

Pa kulala pawe na geti, mlinzi, choo na maji: uwanja wa kambi, ua wa hoteli, nyumba ya wageni ya misheni. Ongeeni na meneja, si mlinzi peke yake, mkubaliane bei kabla ya kuegesha. Kwenye udongo mweusi wa pamba msiondoke kwenye murram hata kama nyasi zinavutia; mvua ya saa moja inatosha kuwafunga hapo. Ingieni kinyumenyume, ili asubuhi mtoke mbele.

Kuhusu mzee, usiingie naye kwenye ubishi wa Naivasha tena. Alikuwa na hoja ya betri, na ni hoja ya haki. Mwondolee hiyo kwanza. Ikiisha, mtajua kama ana nyingine. Wanaume wengi waliozoea kuendesha hadi ushago bila kusimama huona kukaa ni kupoteza siku, hasa mwaka wa kwanza wa kustaafu. Kama ndivyo, mwambie waziwazi unataka nini, kama ulivyotuandikia sisi. Mpe siku za barabara ziwe zake kabisa, njia, saa ya kutoka, vituo, bila wewe kumsahihisha. Siku za kukaa ziwe zako kwa namna hiyo hiyo. Na usomaji wa mita ya betri kila asubuhi mwachie yeye. Kwa lithiamu volti hazisemi kitu kwa sababu hukaa karibu 13.2 muda mrefu, kwa hiyo nunueni mita inayohesabu ampia-saa zinazoingia na kutoka.

Kabla ya Januari, egesheni gari hapo nyumbani Kasarani, mlale ndani siku tatu, mpike, muoge, friji ijae, ufunguo usiguswe. Asubuhi ya nne mita ikisoma zaidi ya nusu, gari liko tayari. Ikisoma chini ya hapo, zimeni friji usiku mmoja mwone kama bado inashuka: ikishuka, kuna waya au inveta inayokula kwa siri, na fundi atoe fyuzi moja moja hadi aipate.